Naenda Philadelphia, Washington na New Orleans siku 12, nataka kula wanachokula wenyeji, naombeni maelekezo

binti_raskazone

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada kwa mliopo Marekani au mliowahi kukaa huko. Mwezi wa 4 natumwa na kazini, wiki nzima niko Philadelphia kwenye mafunzo, halafu siku mbili Washington kuna mkutano, baada ya hapo nimeomba likizo ya siku 3 naenda New Orleans kwa hela yangu mwenyewe mana toka niko sekondari nina hamu na ule mji.

Shida yangu ni chakula, na sio kwamba naogopa vyakula vya watu, ni kinyume chake kabisa. Mwaka juzi nilipelekwa mji mwingine wa hukohuko siku 9, nikawa natoka ukumbini nimechoka naingia mgahawa wa palepale hotelini, leo baga na chipsi, kesho kuku na chipsi, keshokutwa tena baga. Nimerudi Tanga mama ananiuliza haya mwanangu wenzetu kule wanakula nini, nikakosa cha kumjibu. Iliniuma sana kwasababu mimi hata nikienda Mwanza siwezi kurudi bila kula sato kwa mama anayekaanga pembeni ya ziwa, sasa nimevuka bahari nzima nimerudi sijaonja kitu cha watu wa pale.

Hali yangu iko hivi: mimi Muislamu, nguruwe sili na pombe situmii hata kwenye mapishi, nyama nikikosa ya halali nakula samaki na mboga sina shida. Posho ya chakula ipo ila ya kawaida, sitaki sehemu za kuvaa suti. Nataka pale ambapo mtu wa mji ule akitoka kazini na njaa yake ndo anaingia. Na hili suala la tipu naombeni mnifafanulie, safari ile mhudumu alinifata mpaka mlangoni na sikuelewa kosa langu ni nini.

---

mkazi_wa_west_philly

Karibu sana dada yangu. Mimi niko Philadelphia mwaka wa 11, naendesha gari za abiria kwahiyo huu mji naujua uchochoro kwa uchochoro na kula kwangu ni njiani kila siku.

Kwanza ujue umebahatika, kwa Muislamu sidhani kama kuna mji mkubwa Marekani ulio rahisi kama huu. Kuna Wamarekani weusi wengi hapa ambao ni Waislamu toka enzi za wazazi wao na babu zao, utakuta mzee ana ndevu zake na kanzu anaongea Kingereza cha Philly kilekile, kwahiyo chakula cha wenyeji chenyewe kipo cha halali, sio mpaka uende kwa Waarabu au Wapakistani. Chakula cha mji ni cheesesteak. Watu wakisikia wanadhani ni baga nyingine, hapana. Ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inatupwa kwenye bamba la chuma la moto, jamaa ana vyuma viwili mkononi anaikatakata hapohapo kakakakaka unaisikia mpaka nje, vitunguu pembeni vinalainika, juu wanaweka chizi inayeyuka, halafu wanachukua mkate mrefu uliokatwa ubavu wanaufunika juu ya nyama na kugeuza vyote kwa mpigo mmoja. Siri iko kwenye mkate, lazima uwe mgumu kidogo nje ndani laini, unameza mafuta bila kuchanika.

Ilianza 1930 na muuza hotidogi mmoja wa South Philly anaitwa Pat Olivieri, siku hiyo akaamua kujipikia nyama badala ya soseji, chizi ilikuja baadae sana. Kibanda chake mpaka leo kipo pale mtaa wa 9 na Passyunk, na ng'ambo ya barabara kuna mshindani wake Geno's toka 1966, taa kibao usiku kucha. Nenda ukapige picha, ila pale sio halali. Kwa kula njoo West Philly, mtaa wa 52 na mitaa ya jirani, utaona madirisha yameandikwa halal. Ukifika dirishani usianze hadithi, foleni iko nyuma yako, taja aina ya chizi kisha sema kama unataka vitunguu au hutaki. Hapa wanasema "wit" maana yake navyo, "witout" maana yake bila.

Sasa kitu ambacho ukiondoka Philly bila kula nitasikitika mimi binafsi ni pai ya maharage, bean pie. Hii ni ya Waislamu weusi wa Marekani, ilitokana na Nation of Islam, walikataza nguruwe na vyakula vingi vya enzi za utumwa wakahimiza maharage madogo meupe. Wakayasaga wakachanganya na mayai, maziwa, sukari, mdalasini na kungumanga, wakaoka. Ukila huwezi kujua kama ni maharage, ni laini kama kastadi. Zamani vijana wamevaa tai za kipepeo walikuwa wanaziuza barabarani kwenye taa za magari, na bado utawaona. Ijumaa baada ya swala nje ya misikiti ndo uhakika zaidi.

Mchana kama mafunzo yako yako katikati ya mji basi Reading Terminal Market, kona ya mtaa wa 12 na Arch. Ni soko la ndani, liko chini ya stesheni ya zamani ya treni, limefunguliwa 1893. Kuna samaki, kuna chakula cha Wamarekani weusi wa kusini, na kuna Waamish, Wakristo wa mashambani wanaoishi kizamani, wale wanawake wenye vikofia vyeupe vya kitambaa, wanasokota pretzel, mkate wa fundo, kwa mkono mbele yako. Waamish Jumapili hawafungui kabisa. Usiende saa 6 kamili utasimama na sahani, nenda saa 5 au saa 8.

---

kifaru_wa_chalinze

Mimi nilikaa kule miezi 4 na ushauri wangu utakuwa tofauti. Chakula chao kina sukari mpaka mkate wa kawaida mtamu, sahani kubwa kuliko tumbo, kila kitu chizi. Nilichofanya nilitafuta duka la Waafrika nikanunua unga nikawa napika ugali na samaki, nikaokoa hela na afya. Usipoteze posho kwa ajili ya hadithi.

---

binti_raskazone

Asante kaka kwa kunijali, na ya mkate mtamu ni kweli nakumbuka. Ila chumba cha hoteli hakina jiko, na ugali wa mama yangu naukuta nikirudi. Siku 12 nataka niwe mgeni wao.

@mkazi hiyo pai ya maharage nimeisoma mara tatu, sikuwahi kusikia habari zake kabisa.

---

kombo_wa_dmv

Dada kwa Washington nisikilize mimi, nimekaa hapa na pembezoni mwake toka 2009. Watu wanasema DC haina chakula chake, sio kweli, wanaosema hivo wanaishia kwenye yale majengo meupe ya serikali na magari ya chakula ya watalii.

Panda Metro shuka kituo cha U Street, ukitoka tu ng'ambo unaiona Ben's Chili Bowl. Imefunguliwa 1958 na Ben Ali na mkewe Virginia. Ben alikuwa Muislamu kutoka Trinidad, akauza soseji ambazo yeye mwenyewe alikuwa hali. Soseji maarufu ya pale inaitwa half-smoke na ina nguruwe ndani, hiyo iache, ila kuna hotidogi ya ng'ombe na kuna chili ya mboga, mchuzi mzito wenye pilipili bila nyama, hapo uliza mwenyewe wakuelekeze. Hata usipokula ingia ukae kwenye viti vya kaunta. 1968 Martin Luther King alipouawa ule mtaa uliungua, maduka yakafungwa, pale waliruhusiwa kubaki wazi wakawa wanalisha waandamanaji na askari wa zimamoto humohumo. Kuna wazee wa DC mpaka leo wakiongelea mtaa wao wanaanzia hapo.

Kutoka hapo tembea dakika chache uingie mtaa wa 9, ni Wahabeshi. Waethiopia wengi kuliko mji wowote Marekani wako eneo hili. Wewe agiza sahani ya mfungo, yaani dengu, kabichi, mchicha, mbaazi, vyote vimemwagwa juu ya injera moja kubwa, ile chapati yao laini yenye uchachu, mnakula kwa mkono. Na hata Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia nguruwe hawali kidini, kwahiyo hofu ya kukutana nayo jikoni ni ndogo mno.

Alaf kuna Wasalvador, watu wa El Salvador, ndo Walatino wengi zaidi hapa. Chakula chao pupusa, ni kama chapati nene ya mahindi imejazwa ndani halafu inachomwa kwenye kikaango cha bapa, pembeni wanakupa kabichi iliyochachushwa, ni kachumbari hasa. Agiza ya chizi na loroco, hilo ni ua linaloliwa. Ile wanaita revuelta ina nguruwe. Na maharage uliza kama yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe mana Walatino wengi wanayatumia hayo, wewe uliza tu neno "lard" wataelewa.

Ila kwa mtoto wa Tanga mimi ningekupeleka soko la samaki la Maine Avenue kabla ya vyote. Lipo toka 1805, ni la wazi, wauzaji wako juu ya majahazi ya chuma yaliyofungwa ukutani, unanunua kaa wa bluu kwa dazeni, wanachemshwa kwa mvuke na viungo vinaitwa Old Bay, wekundu wanatoa moshi, unapewa kwenye mfuko wa karatasi unakula umesimama unaangalia maji. Kamba pia wapo.

---

weita_mstaafu

Naomba nijibu la tipu kwasababu nimefanya kazi ya kuhudumu mezani miaka 6 na huwa naumia nikiona ndugu zetu wanalaumiwa kwa kitu ambacho hakuna aliyewaeleza.

Sheria ya nchi nzima inamruhusu mwenye mgahawa kumlipa mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, hiyo namba haijabadilika toka 1991. Kinachobaki kinatakiwa kitoke kwa mteja, tipu zikipungua mwenye mgahawa afidie mpaka ifike 7.25. Majimbo mengine na miji mingine imepandisha, ila Louisiana unakoenda haina kima chake cha chini, wanafata hichohicho. Kwahiyo yule mhudumu aliyekufata mlangoni sio kwamba alikudharau, ile tipu ndo mshahara wake wa siku ile na inawezekana aliondoka bila kitu kwenye meza yako.

Hesabu yake: ukikaa mezani na mtu akakuletea chakula toa asilimia 18 mpaka 20. Ukisimama kwenye dirisha au kaunta ukachukua mwenyewe halafu wakakugeuzia ile skrini, hapo ni hiari, dola moja inatosha na ukiacha hakuna anayekufata. Bei ya kwenye menyu haina kodi. Philadelphia kodi ni asilimia 8, Washington kwenye migahawa ni 10. Yaani chakula cha dola 20 pale Washington kitakuwa 22 na kodi, ukiweka tipu ya 4 umetoka na 26. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza ili usishtuke.

Muhimu, soma bili vizuri. Siku hizi sehemu nyingi wanaweka gharama ya huduma humohumo, ikiwepo hiyo tipu nyingine sio lazima. Na bili ikiletwa kabla hujaomba sio kwamba unafukuzwa, huku ndo ustaarabu wao. Sahani ikikushinda omba boksi, kila mtu anafanya hivo, chakula cha mchana kinakuwa na cha usiku. Hapo posho yako itapumua.

---

wanjiku_wa_minnesota

Niongeze kidogo tu. Ukienda kwa hawa Wamarekani weusi wa kusini utaona collard greens kwa menyu. Dada, hiyo ni sukuma wiki! Mimi mara ya kwanza nilifurahi nikaagiza mbili, kumbe wao huichemsha masaa mengi na mfupa wa nguruwe ndio ipate ladha. Siku hizi wapishi wengi hutumia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi badala yake, kwahiyo uliza kwanza. Ukipata ile ya bata mzinga na mkate wa mahindi, chovya huo mkate kwa mchuzi wa mboga, wao huuita pot liquor lakini hakuna pombe yoyote, ni maji ya mboga tu.

Na grits ni uji mzito wa mahindi, wanakula na siagi au kamba. Siku nyingine ukija tena Marekani pitia huku kwetu Minneapolis, Wasomali watakupa wali na ndizi mbivu kando ya sahani na wengi wao mtaongea Kiswahili maana walikaa Kenya.

---

mama_wawili_bayou

Jamani nimechelewa kuona hii na New Orleans hakuna aliyeigusa. Nimeishi kule miaka 8, minne nilikuwa jikoni, sasa nimehamia Houston lakini moyo umebaki kule kwa kweli.

Dada binti, ule mji hautakuwa mgeni kwako. Nianze na gumbo, mchuzi wao mzito unaoliwa na wali. Neno lenyewe ni letu, asili yake ni lugha za Kibantu za upande wa Angola, kwa Kiumbundu bamia inaitwa ochingombo. Watu walichukuliwa utumwani wakafika Louisiana na jina la bamia mdomoni, na bamia ikaingia sufuriani, Wafaransa wakaleta ya kwao, Wachoctaw ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa kule wakaleta unga wa majani ya sassafras wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Jumapili watu waliokuwa watumwa walikuwa wanaruhusiwa kukusanyika kwenye uwanja unaitwa Congo Square, wanauza vyakula, wanapiga ngoma. Uwanja upo mpaka leo, mtaa wa Treme, ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Nenda ukasimame pale kabla hujaenda kula.

Gumbo yenyewe inaanza na roux, unga wa ngano na mafuta kwenye sufuria nzito, moto mdogo, unakoroga na mwiko wa mbao na hauondoki, simu hupokei, mtoto akilia mwingine aende. Inaanza nyeupe, inakuwa rangi ya karanga, halafu rangi ya sarafu ya zamani, halafu chokoleti. Inaweza kuchukua dakika 40 au zaidi. Harufu ni ile ya karanga zinazokaangwa na mchanga. Ukiona vidoti vyeusi imeungua, unamwaga unaanza upya, hakuna kuokoa. Ikifika unatupia vitunguu, hoho na selari, wao wanaita utatu mtakatifu, pale sufuria inapiga kelele jikoni zima linanukia. Mpishi aliyenifundisha alikuwa mama wa miaka 70 na zaidi, hakuwa anaangalia saa, alikuwa ananusa tu anasema bado, bado, haya sasa.

Shida yako wewe ni kwamba gumbo nyingi zina andouille, soseji ya nguruwe, hata zile wanazoita za vyakula vya baharini. Na maharage mekundu na wali, ambayo ni chakula cha Jumatatu mji mzima kwasababu zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua na sufuria ya maharage haihitaji mtu wa kuilinda, hayo pia wanatia nguruwe mara nyingi. Kwahiyo uliza mambo mawili: kuna soseji, na supu imechemshwa na nini. Usione haya, wapishi wa kule wanapenda kuulizwa. Gumbo ya bamia na kamba bila soseji ipo, ni ya kutafuta.

Vya kula bila wasiwasi mkubwa: po'boy ya kamba au ya chaza. Ni mkate wa Kifaransa mwepesi unavunjika kama kaukau, ndani kamba waliokaangwa, ukisema "dressed" wanakuwekea saladi, nyanya, achari ya matango na mayonezi. Ilitokana na mgomo wa madereva wa tramu 1929, ndugu wawili kina Martin ambao waliwahi kufanya kazi kwenye tramu walikuwa na mgahawa wakawa wanawalisha wagomaji bure, akija mmoja jikoni wanasema huyo 'poor boy' mwingine, yaani maskini mwingine, anakuja. Nenda Parkway Bakery.

Mwezi wa 4 ni msimu wa crawfish, kamba wa maji baridi, wadogo wekundu. Wanachemshwa na pilipili, ndimu, vitunguu swaumu, viazi na mahindi, wanamwagwa mezani juu ya magazeti, bei kwa pauni ya uzito na inapanda na kushuka kila wiki. Pauni 3 zinakutosha. Unasokota kichwa kinatoka, unafyonza ule mchuzi, unamenya mkia. Hapo nako wengine wanatupia soseji kwenye sufuria hilohilo, uliza.

Asubuhi Café du Monde, ipo toka 1862, beignet tatu kwenye sahani na kahawa ya maziwa yenye chikori. Beignet ni andazi dada, andazi la mraba limefunikwa na sukari ya unga. Usivae nguo nyeusi na usivute pumzi wakati unang'ata.

Kuna mgahawa wa Dooky Chase's pale Orleans Avenue, toka 1941. Bi Leah Chase alipika pale mpaka uzeeni, alifariki 2019 ana miaka 96. Enzi za ubaguzi ilikuwa kosa weusi na weupe kukaa meza moja, yeye chumba cha juu aliwaweka pamoja wapigania haki wapange mikakati yao huku wanakula gumbo yake. Uliza wanachoweza kukupa kisicho na nguruwe, samaki wapo, na hata ukila kidogo kaa uangalie michoro ya wasanii weusi ukutani.

Mwisho ukipata usafiri nenda New Orleans East kwa Wavietnamu, walikuja baada ya 1975. Duka lao la mikate la Dong Phuong ni la 1982, wanaoka mikate ambayo hata wauza po'boy wa mjini wanaichukua kwao.

---

binti_raskazone

Mama wawili nimelia kidogo hapo kwa Congo Square. Nimeandika yote kwenye daftari. Nitarudi na mrejesho inshallah.

---

binti_raskazone

MREJESHO. Wakuu nimerudi jana, miguu imevimba kwa ndege lakini nina furaha.

Philadelphia, siku ya pili tu baada ya mafunzo nilienda mtaa wa 52. Kweli zile chuma mbili unazisikia kabla hujafika. Nikasema "wit" kama nilivoelekezwa, yule kaka akacheka akauliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akaniongezea vitunguu bila kuniuliza. Nilikula nimekaa ngazi za nyumba ya mtu na karatasi mapajani, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Nusu nikala usiku. Pretzel ya Waamish pia nilipata, ya moto, inang'aa siagi.

Washington niliingia Ben's nikanywa soda na kula chili ya mboga, nikakaa kaunta. Ila soko la samaki ndo lilinimaliza. Muuzaji alikuwa anatupa kaa kwenye mvuke kwa mkono bila glavu, anapiga kelele bei, nikajiona niko Deep Sea kwetu Tanga asubuhi majahazi yakiingia. Nilinunua nusu dazeni, wana nyundo ndogo ya mbao unavunjia magamba. Ule unga wa viungo umekaa kwenye kucha zangu siku mbili.

New Orleans sikuanza vizuri. Usiku wa kwanza nilikuwa na njaa nikaingia sehemu moja kwenye mtaa wa watalii, siitaji jina, jambalaya ya mboga, wali wao wa viungo, ikaja juu ya moto ndani ya baridi, bili ina gharama ya huduma tayari na skrini bado inaniomba asilimia 25. Nikakumbuka weita mstaafu, nikaisoma bili taratibu nikagusa sifuri na nikatoka kwa amani.

Kesho yake nikaanza kutafuta gumbo. Sehemu tatu wote wana soseji, waliniambia wazi na mmoja akaniomba samahani kabisa. Ya nne ilikuwa mgahawa mdogo upande wa Treme, meza kama 6, mhudumu akasema ngoja nimuulize mpishi, akatoka mama mtu mzima anafuta mikono kwenye aproni. Nikamwambia sili nguruwe. Akaniangalia akasema njoo jioni, nina sufuria ya bamia na kamba naipikia wifi yangu ambaye naye hali, nitakutengea. Nilirudi saa 11. Ilikuja bakuli la kahawia iliyokolea, wali katikati kama kisiwa, kamba wanne na bamia zimelainika mpaka zinavutika. Nikanusa kwanza. Karanga, kama ulivyosema mama wawili. Halafu nikaonja na ilikuwa bamia ya nyumbani imekwenda mbali ikajifunza mambo mengine. Nilimwambia hilo jina la gumbo ni la kwetu Wabantu, akasema anajua, bibi yake alikuwa akiita bamia févi lakini wazee wengine wakiita hivohivo gumbo. Alikataa tipu ya sahani ya pili, nikamwachia chini ya bakuli.

Nimefika nyumbani mama akauliza swali lake lilelile. Tulikaa barazani mpaka saa 5 usiku.

---

mama_wawili_bayou

Févi! Ndo wanavyoita Wakrioli wazee wa Kifaransa. Umekula kwenye jiko la mtu, hongera sana mwanangu.

---

mkazi_wa_west_philly

Na pai ya maharage? Mbona umepita kimya?

---

binti_raskazone

Kaka sikusahau. Ijumaa nilitoka msikitini nikamkuta mzee nje na meza yake, nikanunua mbili, moja nilimaliza siku ileile, ya pili nilimpa mwenzangu wa mafunzo kutoka Peru. Yule mzee nikamwomba maelekezo akanitajia akiwa anawahudumia wengine: maharage meupe yachemke mpaka yaponde kwa kidole, usage laini kabisa usiache maganda, mayai, maziwa ya kopo, sukari, siagi, vanila, mdalasini na kungumanga kidogo. Vipimo hakusema. Maharage nimeloweka tangu asubuhi, kesho mama ataleta sufuria ya mkaa wa juu na chini mana ovena yangu mbovu. Mwenye vipimo anitumie kabla ya saa 4.

---

wanjiku_wa_minnesota

Vikombe viwili vya maharage yaliyosagwa kwa mayai manne, sukari anza na kikombe kimoja uonje. Moto wa juu usiwe mkali, katikati ikitikisika kidogo epua.